Wiki sita za kuwafuata watumishi hospitalini, idara kwa idara: safari ya jina la mgonjwa

Kalamu ya Bluu (mtoa mada)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Stashahada ya Utabibu, kozi ya miaka 3 inayomwandaa mtu kuwa afisa tabibu. Hivi karibuni nimemaliza wiki 6 za kuwafuata watumishi katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Sitaitaja, kwa kuwa tulikula kiapo cha kutunza siri, na kwa kuwa moja ya makosa nitakayoyasimulia ni langu mwenyewe. Hatukuruhusiwa kutibu. Kazi yetu ilikuwa kusimama nyuma ya mtumishi, kutazama, kubeba tulichoagizwa kubeba, na kuuliza pale mtumishi alipopata nafasi ya kuvuta pumzi.

Nilikwenda na daftari ambalo nilikuwa nimeligawa kwa majina ya magonjwa: malaria kurasa kumi, kifua kikuu kurasa kumi, na kadhalika. Kufikia wiki ya pili niliuacha mpangilio huo, kwa sababu karibu kila idara niliyopitia, jambo lililowashughulisha watumishi kabla ya ugonjwa wenyewe lilikuwa swali ambalo darasani tulikuwa tumelipita kwa dakika tano tu: huyu aliye mbele yangu ni nani, na hiki nilichoshika mkononi ni chake kweli?

Siku ya kwanza nilipangiwa masjala, na nakiri kwamba niliona nimeonewa, maana wenzangu walikuwa wamepelekwa wodini nami nikaketishwa kwenye kigoda nyuma ya dirisha la kuandikisha wagonjwa. Mama mtunza kumbukumbu hakunisemesha mpaka saa tatu asubuhi. Kisha akanionyesha kwenye kompyuta orodha ya majalada yenye jina la Asha Juma, ikashuka hadi nikachoka kuisoma, akaniuliza, "Sasa wewe ukiambiwa lete faili la Asha Juma, utaleta la nani?" Ndiyo maana anauliza majina matatu, mwaka wa kuzaliwa, kitongoji na namba ya simu ya ndugu, hata foleni ikinung'unika.

Mwaka wa kuzaliwa nao ni kazi. Alikuja mzee mmoja, tukamwamkia, akaitikia marahaba, na alipoulizwa umri akajibu kwamba bendera ya Uhuru ilipopandishwa yeye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuchunga ng'ombe. Mama yule hakucheka wala hakumkatiza. Alihesabu kimoyomoyo: Uhuru ni 1961, mtoto huanza kuchunga akiwa na miaka kama saba, akaandika 1954 na kuweka alama ya makadirio. Nilimwuliza kama hilo lina maana yoyote kwa matibabu. Akanijibu kwamba huduma za wazee huanzia miaka 60, na kwamba mzee huyo akirudi mwakani akaandikiwa 1960 na mtu mwingine, atakuwa na majalada mawili, moja likisema ana kisukari na lingine halisemi.

Kalamu ya Bluu

Naendelea. Usiku mmoja wa wiki hiyo nilikuwa mapokezi ya dharura. Bajaji ilimleta mwanamke asiyejitambua, akiwa na jirani yake aliyemshika kichwa njia nzima. Jirani huyo alikuwa ameishi naye ukuta kwa ukuta kwa miaka, akijua mpaka chakula asichokipenda, lakini alipoulizwa jina alibaki kimya, kisha akasema, "Sisi tunamwita Mama Fulani tu." Alimjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyojuana mitaani kwetu. Mgonjwa akaandikwa "Asiyejulikana, Ke", pamoja na tarehe, saa na namba, na vipimo vyote vya usiku ule vikatoka kwa jina hilo.

Kesho yake mchana dada yake alifika na jina kamili. Nilidhani tutafuta na kuandika upya. Muuguzi wa zamu alinizuia kama anayemzuia mtoto asiguse jiko la moto. Alisema damu iliyoombwa usiku imepimwa kwa jina la Asiyejulikana, na nikibadilisha jina kitandani kabla maabara na masjala hazijabadilisha kwao, mgonjwa mmoja atakuwa watu wawili. Jina la kweli lilisubiri mpaka idara zote tatu zilipokubaliana, na hata hapo namba ile ya usiku ilibaki imeandikwa pembeni.

Sasa nieleze kosa langu. Wiki ya tatu nilikuwa wodi ya wanawake. Muuguzi alitoa damu kwa wagonjwa wawili wa vitanda vinavyopakana, akaniachia chupa na lebo, kisha akaitwa haraka na mgonjwa wa kitanda cha mwisho. Mimi nikaenda na vitu vyote hadi kwenye meza ya wauguzi, penye mwanga mzuri, nikabandika lebo kwa unadhifu mkubwa, nikashuka maabara nikijiona mtu wa maana. Mtaalamu wa maabara alizipokea, akazigeuza mbele ya taa, akauliza swali moja: "Lebo hizi ulizibandikia wapi?" Nikamwambia. Hakunigombeza. Alizitumbukiza zote mbili kwenye taka za kuambukiza, akaandika kwenye rejesta kwamba sampuli zimekataliwa, akanirudishia fomu na kusema, "Damu isiyobandikwa jina mbele ya mwenyewe ni ya mtu yeyote."

Nilirudi wodini kwa hasira nikiamini amenikomoa, kwa sababu nilikuwa na hakika kabisa chupa ipi ni ya nani. Hakika hiyo ilidumu mpaka nilipofika kati ya vitanda viwili na kuwakuta wanawake wawili wa makamo, wote wamejifunika kanga, wote wana pamba na plasta kwenye mkono wa kushoto, na nikajikuta siwezi kukumbuka nilianza na yupi. Nilimweleza wa kwanza kwamba inabidi atolewe damu tena kwa uzembe wangu. Alininyooshea mkono wa kulia na kusema, "Haya mwanangu, chukua." Afadhali angenifokea.

Hadubini

Mtoa mada, nakupongeza kwa kulisema kosa hadharani. Mimi nimefanya kazi maabara zaidi ya miaka kumi, na nathibitisha kwamba aliyekukatalia alikutendea wema.

Naomba niongeze jambo ambalo wanafunzi hulifanya wakiwa na nia njema kabisa. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo ina potasiamu ndani yake. Mwanafunzi akiona chupa nyekundu haikujaa, anamimina kidogo kutoka kwenye ya zambarau ili zilingane. Mashine haijui hilo. Itasoma potasiamu ya juu sana na kalisi ya chini sana, na daktari akiamini jibu hilo ataanza kutibu moyo ambao hauna tatizo. Kwa hiyo jina likiwa sahihi kwenye lebo bado haitoshi. Kilichomo ndani nacho kiwe kimetoka moja kwa moja kwa mwenye jina.

Na kuhusu damu ya kuongezewa, msimlaumu mtu wa benki ya damu anayewarudisha kwa herufi moja. Mgonjwa wa kundi O akiwekewa damu ya kundi A, mililita chache za mwanzo zinatosha kuleta maafa. Kinachosababisha hali hiyo mara nyingi si kipimo kibaya, ni chupa sahihi iliyotundikwa kwenye kitanda kisicho chake.

Kalamu ya Bluu

Ndugu Hadubini, nakushukuru. Nililiona hilo la damu kwa macho yangu baada ya siku mbili. Wauguzi wawili walisimama pande mbili za kitanda, mmoja akasoma kwenye mfuko, mwingine akasoma kwenye fomu: majina, namba, kundi, tarehe ya mwisho ya matumizi. Walisoma kwa sauti, kama watu wanaosomeana hati ya kiwanja. Niliambiwa mfuko ukishatoka kwenye jokofu usikae zaidi ya nusu saa kabla ya kuanza, na ukishaanza umalizike ndani ya saa 4.

Wiki ya nne nilikuwa leba, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo nilipokaa kwa moyo wangu wote.

Watu huzungumzia leba kwa makelele. Mimi nilichokiona zaidi ni uandishi. Mkunga niliyemfuata alikuwa na akina mama wanne kwa wakati mmoja, na kila mmoja alikuwa na karatasi ya patografu ambayo humo mkunga huweka alama ya njia inavyofunguka kwa sentimita, mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na mikazo kwa kila dakika 10. Ukisimama mbali utadhani anaandika tu. Ukisogea unaona kwamba mstari wa alama zake ukianza kulalia upande wa kulia, yaani saa zinakwenda na njia haifunguki, anaanza kutembea haraka kabla hajamwambia mtu yeyote chochote.

Alfajiri moja mtoto alizaliwa, akalia, akafutwa na kuwekwa juu ya kifua cha mama yake. Mama akachomwa oksitosini, uniti 10, ndani ya dakika ya kwanza ili kuzuia damu isimwagike. Kisha mkunga akamwinua mtoto, akamgeuza ili mama aone mapaja yote mawili, akauliza, "Mama, umepata mtoto gani?" Mama alikuwa amechoka, akasema, "Asante sista." Mkunga hakuridhika na jibu hilo. Akauliza tena, taratibu, "Mwangalie vizuri. Ni mtoto gani?" Mama akainua kichwa, akatazama, akasema, "Wa kike." Hapo ndipo mkunga akaandika plasta, jina la mama, jinsia, saa na tarehe, akaibandika mguuni pa mtoto palepale kitandani, kisha akakata kipande cha pili na kukibandika kwenye mkono wa mama.

Nilikuwa nikisikia swali hilo likisimuliwa na mama zetu kama kisa cha kuchekesha, kwamba manesi wanakuuliza kitu wanachokiona wenyewe. Mkunga alinieleza wakati ananawa mikono: "Nikimwambia mimi, kesho anaweza kusema nilibadilisha. Akisema yeye kwa kinywa chake, ni wake." Mtoto huyo hana jina bado, labda atapewa baada ya siku saba au arobaini kwa desturi ya kwao, na kwa kipindi hicho chote hospitali inamjua kama "Mtoto wa" fulani. Jina la kwanza la mtu hospitalini ni la mama yake.

Zamu ya Usiku

Nimesoma hapo kwa leba nikatabasamu. Mimi ni muuguzi, na swali hilo nimeliuliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Akina mama waliopata pacha huulizwa mara mbili, na alama ya wa kwanza na wa pili huwekwa kabla kitovu cha pili hakijakatwa.

Hata hivyo, mtoa mada, unaliimba jina kana kwamba daima linamlinda mgonjwa. Kaa siku moja kwenye kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU. Kuna mtu hupanda gari alfajiri kutoka wilaya nyingine ili asikutane na jirani yake kwenye benchi. Ukisimama mlangoni ukaita majina yake matatu kwa sauti, umemvua nguo mbele za watu. Ndiyo maana wagonjwa hao wana kadi zenye namba, na sisi tuliozoea tunaita namba, au tunamfuata mtu alipo na kumnong'oneza. Mafunzo yenu yawaambie lini jina lisemwe na lini linyamaziwe.

Kalamu ya Bluu

Dada Zamu ya Usiku, nakubali. Kliniki hiyo nilikaa siku moja tu, na nilichofanya ni kupanga kadi kwa mfuatano wa namba, kwa hiyo sikuwa nimeliona kwa upande huo. Hata hivyo nadhani kinachofanyika pale bado ni kutambua mtu, ila kwa njia ambayo yeye na mhudumu peke yao wanaielewa. Kwenye dirisha la wagonjwa wa nje, kwa upande mwingine, nilisikia jina na ugonjwa vikitajwa kwa pamoja mbele ya watu hamsini, na sikuona aliyeshtuka.

Chumba cha upasuaji nitakieleza kwa ufupi, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda nilikuwa nimesimama pembeni nikiogopa kugusa kitu. Kuna orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani, ambayo husomwa mara tatu: kabla ya nusukaputi au ganzi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka. Kilichonivutia ni namna mtaalamu wa usingizi alivyouliza. Bibi mmoja aliletwa kwa machela kwa ajili ya henia. Mimi ningeuliza, "Wewe ndiye fulani?" Yeye alimwamkia kwanza, kisha akasema, "Bibi, naomba unitajie majina yako yote, na unionyeshe kwa kidole tunakwenda kutibu upande gani." Baadaye aliniambia kwamba ukimwuliza mtu mwenye hofu swali la ndiyo au hapana, atajibu ndiyo, na mtu mzima wa kwetu mwenye adabu atajibu ndiyo hata kama hakukusikia, ili asikuvunjie heshima. Bibi alionyesha kulia. Fomu ilisema kulia. Wakaendelea. Mwishoni mashashi yalihesabiwa kwa sauti, yakalingana na hesabu ya mwanzo, ndipo mshono ukafungwa.

Idara ya eksirei niliipitia haraka, ila nakumbuka kipande kidogo cha madini ya risasi chenye herufi ya kushoto au kulia ambacho mtaalamu alikiweka kando ya mkono wa mgonjwa kabla ya kupiga picha. Alisema kuandika upande kwa kalamu baada ya picha kutoka ni sawasawa na nilichokifanya mimi na zile lebo. Habari zilikuwa zimeshafika hata kule.

Kaunta ya Mwisho

Mimi si mhudumu wa afya, ni mzazi wa kawaida. Naomba kuuliza jambo ambalo wengi wetu tunalifanya na hatulisemi. Mtu hana bima, ndugu yake anayo, umri wao unakaribiana. Anaazima kadi, anatibiwa, maisha yanaendelea. Je, huko ndani inaleta madhara gani zaidi ya kuwaibia wenye mfuko?

Kalamu ya Bluu

Ndugu Kaunta, swali lako ni zuri, na nililiuliza masjala karibu kwa maneno hayohayo. Tuchukulie mdogo wako amelazwa kwa kadi yako. Kundi lake la damu linaandikwa kwenye jalada lako. Mzio wake wa penisilini unaandikwa kwako, au mzio wako unasomwa kwake na ananyimwa dawa ambayo ingemponya haraka. Akigundulika na kisukari, kisukari hicho ni chako. Miaka miwili baadaye unaletwa wewe ukiwa hujitambui, na mtu wa zamu anafungua jalada na kulisoma kwa imani. Kundi la damu litapimwa upya, hilo halina mjadala, ila mengine yote yatachukuliwa jinsi yalivyo. Mtunza kumbukumbu alinieleza kwamba mtu aliyeazima kadi anapofika dirishani kwake humtambua kwa jambo moja: akiitwa jina hageuki.

Na kwa asiye na uwezo kuna ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo hupokea maombi ya msamaha wa gharama. Utaulizwa maswali mengi, na utasubiri, lakini utatibiwa kwa jina lako.

Hadubini

Famasia umeiruka?

Kalamu ya Bluu

Sikuiruka, niliiweka akiba. Pale dirishani tatizo lilikuwa la lugha yetu wenyewe. Dawa mseto ya malaria humezwa mara 6 kwa siku 3, na dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya muda wa saa 8. Mwenzangu mmoja alimwambia mama mwenye mtoto, "Hii ya pili mpe baada ya saa nane." Mama akaitikia na kuondoka. Mfamasia akamwita arudi, akamwomba aeleze atafanyaje. Mama akasema kwamba akitoka sala ya adhuhuri, saa nane ikishapita, atampa. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwa hiyo mtoto angepewa dozi ya pili baada ya saa nne au tano tu. Mfamasia akamwambia, "Ya kwanza mpe sasa hivi, pamoja na maziwa. Ya pili mpe saa kumi na mbili jioni, jua linapozama. Kesho na keshokutwa, asubuhi na jioni." Akaandika namba za saa kwenye bahasha, akachora jua dogo na mwezi mdogo, kisha akamwomba mama ataje jina la mtoto lililo juu ya bahasha, kwa kuwa alikuwa na watoto wawili waliopimwa siku hiyo, wenye uzito tofauti na vidonge tofauti.

Zamu ya Usiku

Nina mdogo wangu anaanza mafunzo kama yako mwezi ujao. Mbali na koti jeupe na viatu vya kufunika vidole, abebe nini?

Kalamu ya Bluu

Abebe daftari linaloingia mfukoni, saa yenye mshale wa sekunde, na kalamu tatu, kwa sababu moja itaazimwa masjala na haitarudi. Mojawapo iwe ya wino usiofutika kwa maji. Chupa ikitoka kwenye jokofu hutoa jasho, na mimi nilikuja na kalamu ya wino mwepesi, ya bluu, nzuri sana kwenye karatasi. Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kuandika lebo peke yangu, mbele ya mgonjwa, kwa majina yake matatu kama alivyoyatamka, yule mtaalamu wa maabara aliisugua kwa kidole gumba kilicholowa, herufi zikatanuka na kuwa doa, akanirudishia chupa bila kusema neno.